Herufi Zinazopotea Njiani: Kupunguza na Kupachika Fonti katika Vitabu vya Kielektroniki

Utangulizi

Kitabu cha kielektroniki huweza kusomeka bila dosari yoyote mezani kwa mhariri, kisha kikamfikia msomaji kikiwa na kasoro za ajabu. Neno "ng'ombe" huonekana likiwa na kijisanduku kitupu mahali pa ritifaa. Kichwa cha sura hupoteza nusu ya herufi zake. Aya ya Kigĩkũyũ huonyesha irabu zenye sura ngeni, kana kwamba zimeazimwa kutoka kitabu kingine. Mara nyingi lawama hutupiwa simu ya msomaji au uchakavu wa kifaa chake, ilhali katika hali nyingi kasoro hiyo ilikwisha kutiwa ndani ya kitabu kabla hakijatoka kwa mchapishaji.

Jambo hili si dogo. Mtoto anayejifunza kusoma huamini anachokiona. Akikutana na kijisanduku katika neno asilolijua, hana njia ya kulikisia. Katika Kigĩkũyũ na Kikamba, herufi ĩ na ũ si mapambo ya i na u, bali ni irabu nyingine kabisa. Kitabu kinachozipoteza hakijachakaa sura tu, kimeharibika lugha.

Makala haya yanakusudia kueleza fonti ni kitu gani, kwa nini hupunguzwa na kupachikwa vitabuni, na namna ya kukitafuta chanzo pindi kasoro inapojitokeza. Hoja yetu kuu ni moja: fonti hupunguzwa kwa kufuata orodha ya alama zilizomo katika matini, lakini anachokiona msomaji ni maumbo, na orodha hiyo na maumbo hayo havilingani daima. Atakayeishika tofauti hiyo ataweza kukitambua chanzo cha kasoro kwa kuitazama dalili yake.

Fonti ni nini?

Katika enzi ya chapa ya risasi, kila herufi ilikuwa kipande cha madini ya risasi, bati na antimoni, nayo ilikaa katika kasha lenye vyumba vingi. Mpanga chapa aliyeishiwa na herufi fulani alijua mara moja, kwa sababu chumba chake kilikuwa kitupu. Fonti ya leo ni faili la kompyuta, lakini nayo ina vyumba vyake, ambavyo huitwa majedwali.

Jedwali la kwanza la kujua ni lile linaloitwa cmap. Kazi yake ni kuunganisha namba ya alama na umbo lake. Namba hizo hutoka katika mpango wa kimataifa wa Yunikodi, ambao toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 1991. Katika mpango huo, herufi a ni U+0061 na herufi ũ ni U+0169. Tarakimu zake huandikwa kwa mfumo wa kumi na sita. Jedwali la pili huhifadhi maumbo yenyewe, yaani michoro ya mistari na mikunjo, na kila umbo huitwa glifu. Jedwali la tatu hueleza upana wa kila glifu. Yapo pia majedwali mawili ya kanuni: GSUB, linaloagiza glifu moja ibadilishwe kwa nyingine, na GPOS, linaloagiza glifu iwekwe mahali gani ikilinganishwa na jirani yake.

Glifu huhesabiwa kuanzia sifuri. Glifu namba sifuri ina kazi maalumu: huonyeshwa pale ambapo alama iliyotakiwa haimo katika fonti. Kwa kawaida huchorwa kama kijisanduku. Kwa hiyo kijisanduku kile kinachomkera msomaji si takataka. Ni taarifa rasmi ya fonti kwamba chumba kilichofunguliwa hakina kitu.

Kwa nini fonti hupachikwa na kupunguzwa?

Kupachika fonti ni kuliweka faili lake ndani ya kitabu, ili kifaa cha msomaji kisilazimike kuwa nalo. Miundo miwili ya vitabu ndiyo inayotuhusu hapa. Wa kwanza ni PDF, uliotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, ambao huihifadhi kurasa kama ilivyopangwa. Wa pili ni EPUB, uliopata jina hilo mwaka 2007, ambao huyaruhusu maneno kujipanga upya kulingana na ukubwa wa kioo. Kitabu cha EPUB, kwa hakika, ni kifurushi kilichobanwa kwa njia ya ZIP, chenye mafaili ya matini, mafaili ya mitindo, picha, na fonti zikiwapo.

Kupunguza fonti ni kuziondoa glifu zisizohitajika kabla ya kuipachika. Sababu yake ni uzito. Faili la fonti ya OpenType haliwezi kuwa na glifu zaidi ya 65,535, kwa kuwa hesabu yake huhifadhiwa katika biti 16. Na zipo fonti zilizofika kwenye kikomo hicho. Noto Sans CJK, iliyotolewa mwaka 2014 kwa ajili ya Kichina, Kijapani na Kikorea, ni mojawapo, na uzito wake unapita megabaiti 10 kwa mtindo mmoja tu. Hata fonti za hati ya Kirumi zilizotengenezwa kwa ajili ya lugha nyingi huwa na maelfu ya glifu.

Sasa tulinganishe na mahitaji yetu. Alfabeti ya Kiswahili sanifu haina q wala x, nayo c hutumika katika ch pekee. Kwa hiyo ina herufi 24 za msingi. Ukichukua ndogo na kubwa utapata 48. Ongeza tarakimu 10 na alama za uandishi zipatazo 20, na jumla haifiki 80. Isitoshe, kitabu cha kawaida huhitaji mafaili manne ya fonti: mtindo wa kawaida, wa mlazo, wa wino mzito, na wa mlazo wenye wino mzito. Kuyapachika yote manne mazima, kisha kumtaka msomaji alipie data ya kuyapakua, ni kumbebesha mzigo asiouhitaji.

Kwa hiyo kupunguza ni jambo la busara. Hatari yake ni kwamba mkasi haurudishi ulichokata.

Kasoro hujificha kwa nani?

Kabla ya kuzieleza dalili, hatuna budi kufahamu kwa nini mchapishaji ndiye wa mwisho kuziona. Kifaa kinapokosa glifu katika fonti iliyopachikwa, hakikati tamaa papo hapo. Hutafuta katika fonti nyingine kilizo nazo, na kikipata alama inayotakiwa, huiazima. Kompyuta ya mpanga kurasa huwa imesheheni fonti, na aghalabu ile fonti ya kitabu imo humo ikiwa nzima, haijapunguzwa. Kwa hiyo pengo lililo kitabuni huzibwa kimyakimya, na mpanga kurasa huridhika. Simu ya bei nafuu yenye fonti chache haina cha kuazima, nayo huonyesha kijisanduku.

Kutokana na hayo tunapata kanuni ya kwanza ya uchunguzi: kitabu kisijaribiwe katika kompyuta kilikotengenezwa. Kijaribiwe katika kifaa ambacho fonti ya kitabu haijawahi kuwekwa.

Dalili na vyanzo vyake

(a) Fonti nzima haikuonekana. Hapa maneno yote husomeka, lakini kwa sura ya fonti ya kifaa. Hii si kasoro ya kupunguza; ni kwamba fonti haikupatikana kabisa. Katika EPUB, faili la mtindo hutaja fonti kwa kanuni iitwayo @font-face, na ndani yake huandikwa njia ya kulifikia faili. Njia hiyo huhesabiwa kuanzia mahali lilipo faili la mtindo, wala si kuanzia mwanzo wa kifurushi. Wengi hukosea hapo. Aidha, jina "Andika.ttf" na jina "andika.ttf" ni majina mawili tofauti ndani ya kifurushi, ingawa kompyuta nyingi za ofisini huyahesabu kuwa moja. Pia jina la fonti lililotangazwa katika kanuni hiyo sharti lilingane na lile linaloitwa katika aya. Mwisho, vifaa vingine humtaka msomaji mwenyewe achague fonti ya mchapishaji katika mipangilio. Asipofanya hivyo, hakuna kasoro ya kutafuta.

(b) Fonti zote zimekufa kwa pamoja baada ya kitabu kuhaririwa. Dalili hii ina chanzo cha pekee. EPUB huruhusu fonti ifichwe kidogo, ili mtu asiinyofoe kitabuni na kuitumia bila idhini. Katika njia rasmi ya EPUB, baiti 1,040 za mwanzo za faili huchanganywa na ufunguo wa baiti 20 unaorudiwa mara 52. Ufunguo huo hutengenezwa kutokana na namba ya utambulisho wa kitabu. Programu ya kusomea huitazama namba ileile, hutengeneza ufunguo uleule, na kuzirejesha baiti katika hali yake. Basi mhariri akiificha fonti wakati kitabu kina namba ya muda, kisha akaiweka ISBN kuwa utambulisho mpya, ufunguo hautafunga tena. Na kwa kuwa baiti za mwanzo ndizo zenye orodha ya majedwali, faili zima huwa halitambulikani. Dawa yake ni kurudisha fonti asilia, kuthibitisha namba ya kitabu, kisha kuficha upya kama hatua ya mwisho.

(c) Vijisanduku au herufi ngeni mahali pachache. Hapa fonti imepatikana, lakini glifu fulani zimekatwa. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni ritifaa ya ng'. Kwa jicho ni alama moja, lakini katika Yunikodi zipo angalau tatu zinazotumika: ile iliyonyooka, U+0027, ile iliyopinda, U+2019, na ile inayohesabiwa kuwa herufi, U+02BC. Mwandishi hupiga iliyonyooka. Programu ya kuandikia huigeuza kuwa iliyopinda bila kumwuliza. Iwapo fonti ilipunguzwa kwa orodha yenye U+0027 pekee, kila "ng'ombe", "ng'ambo" na "kung'aa" atakuwa na tundu. Mchanganyiko huo una madhara mengine pia: mtu anayetafuta neno kwa alama moja huenda asilipate lililoandikwa kwa alama nyingine.

Mfano wa pili ni herufi ũ. Inaweza kuandikwa kama alama moja, U+0169, au kama alama mbili, yaani u ikifuatwa na kiwimbi cha kuwekwa juu, U+0303. Njia zote mbili ni halali, nazo huonekana sawa. Sura moja ya kitabu ikiandikwa kwa njia ya kwanza na nyingine kwa ya pili, fonti iliyopunguzwa kwa kufuata sura ya kwanza huenda ikashindwa katika ya pili. Inafaa matini yote yasawazishwe kwa namna moja kabla ya kupunguza fonti.

(d) Herufi zimekosekana ingawa hazimo katika matini. Dalili hii huwashangaza wengi, na ndiyo inayoithibitisha vyema hoja yetu. Kichwa kimeandikwa "Sura ya Kwanza", lakini faili la mtindo limeagiza kionyeshwe kwa herufi kubwa zote. Programu ya kupunguza, ikihesabu alama za matini tu, huona S na K. Haioni U, R, A, Y, W, N wala Z zitakazohitajika. Hali kadhalika, namba za orodha na vitone vyake hutengenezwa na programu ya kusomea. Havimo katika matini. Na neno likikatwa mwishoni mwa mstari, kistari cha kukatia huongezwa na kifaa chenyewe. Vitu vyote hivyo huhitaji glifu ambazo hakuna mtu aliyezipiga chapa.

(e) Herufi zipo, lakini haziungani. Mhariri anayetoa utenzi kwa hati ya Kiarabu hukutana na hili mara moja. Katika hati hiyo herufi nyingi zina maumbo manne: ya kusimama peke yake, ya mwanzo, ya kati na ya mwisho. Herufi sita, yaani alifu, dali, dhali, re, ze na wau, haziungani na inayofuata, kwa hiyo huwa na maumbo mawili. Namba ya Yunikodi inayopigwa katika matini ni moja kwa kila herufi. Maumbo mengine hufikiwa kupitia kanuni za GSUB. Programu inayoacha glifu zile tu zenye namba katika matini, na kulitupa jedwali la GSUB pamoja na maumbo yanayotegemea jedwali hilo, huzalisha mstari wa herufi zilizotengana kama shanga zilizokatika uzi. Likitupwa na GPOS, fataha, kasra na dhuma huelea mbali na herufi zake. Hati ya Kiswahili ya Kiarabu ina hitaji jingine: herufi za pe, che na ve, ambazo hazimo katika 28 za Kiarabu, na kwa hiyo huachwa nje na mtu anayepunguza kwa orodha ya "Kiarabu" tu.

(f) Ukurasa ni mzuri, lakini maneno hayatafutiki. Hii ni kasoro ya PDF. Fonti ikipunguzwa, glifu zake huweza kupewa namba mpya zisizohusiana na Yunikodi. Ili maneno yaweze kutafutwa, kunakiliwa, au kusomwa kwa sauti na programu ya wasioona, faili huhitaji jedwali la kurudisha namba hizo kwenye Yunikodi, liitwalo ToUnicode. Likikosekana au likiwa na makosa, mwenye macho haoni kasoro yoyote, ilhali asiyeona husomewa upuuzi.

Utaratibu wa kuchunguza

Anayetafuta chanzo afuate hatua hizi kwa mpangilio wake, kwani kila moja huondoa uwezekano mmoja.

Kwanza, achukue fonti nzima, isiyopunguzwa wala kufichwa, aipachike, na kukijaribu kitabu katika kifaa kisicho na fonti hiyo. Kasoro ikibaki, tatizo liko katika njia ya faili, jina, au uwezo wa kifaa, wala si katika kupunguza. Programu ya EPUBCheck itamsaidia kuyaona makosa ya muundo wa kifurushi. Hata hivyo, isitegemewe kumwambia kama glifu fulani haimo.

Pili, kasoro ikitoweka kwa fonti nzima, aipunguze bila kuificha, na kujaribu tena. Kasoro ikirudi, mkasi ndio mkosaji. Hapo aorodheshe alama zote za kitabu, kwa kila mtindo wa fonti peke yake; maana herufi iliyopo katika fonti ya kawaida huenda haimo katika ya mlazo.

Tatu, achunguze kama programu ya kupunguza inazifuata kanuni za GSUB. Programu huria ya fontTools hufanya hivyo, na humwezesha mtumiaji kutaja ni kanuni zipi zihifadhiwe. Programu ya calibre nayo inaweza kupachika na kupunguza fonti za kitabu.

Nne, aifiche fonti mwisho kabisa, iwapo leseni inadai hivyo.

Kwa upande wa PDF, orodha ya fonti za faili huonyesha kama kila fonti imepachikwa. Iliyopunguzwa hutambulikana kwa jina lake: hutanguliwa na herufi kubwa sita na alama ya kujumlisha. Kisha anakili aya moja yenye ng' na kuibandika kwingine. Ikitoka sawasawa, ToUnicode ni salama.

Swali la leseni

Fonti ni kazi ya mtu, na ina haki zake. Ndani ya faili la OpenType imo sehemu inayoeleza kama kupachika kunaruhusiwa, na hata kama kupunguza kumekatazwa. Baadhi ya programu huitii sehemu hiyo na kukataa kupachika. Mhariri huidhania kuwa ni hitilafu, kumbe ni katazo. Kwa lugha zetu ziko fonti zenye leseni huria zinazoruhusu kupachikwa. Shirika la SIL limetoa kadhaa, ikiwamo Gentium na ile iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaoanza kusoma, ambayo jina lake ni neno la Kiswahili: Andika. Hata hivyo leseni isomwe, kwa kuwa baadhi yake huweka masharti juu ya jina la fonti iliyobadilishwa.

Hitimisho

Ushauri wetu ni kwamba mkasi usiwe mkali kupita kiasi. Tumeona kwamba Kiswahili chahitaji glifu zisizofika 80, lakini kitabu kikitaja Qatar au Mexico, tayari q na x zinadaiwa. Ni salama zaidi kuziacha alama zote 95 za msingi, kuanzia U+0020 hadi U+007E, pamoja na ritifaa zote tatu, vistari, alama za kunukuu, na herufi za lugha jirani zinazoweza kutokea. Mchoro wa glifu moja ya Kirumi kwa kawaida hauzidi baiti mia chache. Glifu 40 za ziada zitaongeza kilobaiti chache tu. Uzito unaookolewa kwa kuzikata ni mdogo, na hasara ya kuzikosa humwangukia msomaji asiye na njia ya kuirekebisha.

Mpanga chapa wa risasi alikiona chumba kitupu kwa macho yake mwenyewe. Mpanga kurasa wa leo hakioni, kwa sababu kompyuta yake humzibia pengo. Kwa hiyo wajibu wake umezidi: kabla ya kukitoa kitabu, akifungue katika kifaa duni kuliko vyote vitakavyokisoma, na asome humo vichwa vya sura, orodha, maneno ya mlazo, na kila neno lenye ng'.